Hiyo klipu mnayoiwekea biti ni ya daktari

Nitaanza na hoja yenyewe, ndio anayetaka kunibloki anibloki mapema.

Mtoto mdogo akianza kutikisa kichwa mfululizo, siku baada ya siku, bila mwenyewe kutaka, video yake sio ya kuwekewa muziki. Ni ya kupelekwa hospitali. Yanayofuata ni sababu zangu, na ni marefu kiasi, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Si mnajua aina ya klipu ninayoisema. Katoto ka miaka mitatu hivi kamekaa kwa mkeka, hakuna wimbo, hakuna anayekaongelesha, na kichwa kinaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayekubali kila kitu anachoambiwa. Anayeshika simu anacheka. Kesho yake mtu mwingine, labda hata yuko mji mwingine kabisa, anaichukua na kuitandikia biti. "DJ mdogo." "Huyu ameielewa hii ngoma kutushinda." Laiki zinamiminika. Kufikia jioni iko kwa grupu ya familia, iko kwa grupu ya kanisa, iko kwa stetasi ya mwalimu wako wa zamani wa hesabu.

Mwezi uliopita nilitumiwa moja ya hizo na watu saba tofauti, na karibu wote waliandika kitu kimoja: "Hii itakuchekesha." Siwezi kumpima mtoto kupitia skrini, na sitajifanya daktari hapa. Lakini kuna ugonjwa ambao huanza vile vile kabisa, na ukishajua upo, kicheko kinakukwama kooni.

Mwaka 1966, kundi la madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Neurology kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa na mabega bila kukoma. Jina la kwanza kwenye makala hayo ni la daktari Benton. Ndani ya vichwa vya watoto hao walikuta mambo mawili yanayoenda pamoja: ubongo uliojaa maji, na kifuko kilichovimba katika chumba cha katikati kabisa cha ubongo. Wakatafuta jina la ugonjwa. Wakawafananisha na yale madoli ya kichwa cha springi. Unayajua. Yanakaa juu ya dashibodi ya teksi na matatu, na gari likiingia shimo tu, doli linaitikia "ndio, ndio, ndio" hadi steji inayofuata. Jina hilo limekaa kwa vitabu vya udaktari hadi leo. Nina maoni yangu kulihusu, nitayafikia.

Kwanza tuelewe kinachoendelea huko ndani, maana hapa ndipo watu hushangaa.

Ubongo una vyumba vinne vya maji. Maji hayo hutengenezwa humo humo, kwa mtu mzima karibu nusu lita kila siku, yanazunguka, yanatoka, halafu yanarudi kwa damu. Chukulia ni kama ploti ambayo maji ya kanju huingia kwa tanki mchana na usiku, na hakuna mtu ana uwezo wa kufunga mfereji. Kila kitu kiko sawa mradi bomba la kutoka liko wazi. Sasa kitu kikiota kwenye hilo bomba, maji hayana habari. Yanaendelea tu kuja. Chumba kinapanuka, na kwa sababu fuvu halipanuki kama puto, kinachosukumwa ni ubongo wenyewe.

Kinachoziba mara nyingi ni kile kifuko cha maji. Mara nyingine ni uvimbe unaoota kwenye tishu ile ile inayotengeneza maji, ama uvimbe unaotokea karibu na tezi ya pituitari. Nyingi za aina hizi si saratani. Mtu akisikia hivyo hupumua. Asipumue sana. Ndani ya kichwa shida kubwa ni nafasi, na kitu kisicho saratani kinaweza kukufinya ubongo vilevile kama hakuna pa kwenda.

Na hebu angalia majirani wa hicho chumba cha tatu. Kushoto na kulia kuna thalamasi, sehemu inayopitisha habari nyingi za mwili na kusaidia kupanga miondoko. Mbele chini ni pale neva za macho mawili zinapopishana. Chini kabisa ni tezi ya pituitari, inayoamuru mtoto akue kwa kasi gani na abalehe lini. Chumba kikivimba, kila jirani anapigwa kumbo. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na kichwa kinachokua haraka kuliko cha wenzake, akatembea kama anayeyumba, akaanza kukosa kuona vizuri, akachelewa kujifunza vitu, akadumaa kimo, ama aote matiti akiwa bado nasari. Kutikisa kichwa ndiyo dalili inayoonekana kwa kamera. Zile zingine hazichekeshi, kwa hivyo hazipostiwi.

Kwa nini kichwa hasa? Madaktari wameleta maelezo mawili. La kwanza ni kwamba chumba kilichovimba kinasumbua njia za thalamasi zinazohusika na miondoko. La pili ndilo lililonikalia akilini: kwamba labda mtoto amegundua mwenyewe, bila kujua, kwamba akitikisa kichwa kile kifuko kinasogea kidogo, maji yanapita, na presha inapungua. Yaani katoto kanafungua bomba lililoziba kwa njia pekee kanayoijua. Sisi huku tunasema kanadensi.

Na kuna sababu kanaonekana kanadensi. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hutikisa kichwa karibu mara 2 hadi 3 kwa sekunde. Piga hesabu: mara 2 kwa sekunde ni 120 kwa dakika. Sasa uliza prodyusa yeyote unayemjua muziki wa hausi huenda mapigo mangapi kwa dakika. Atakwambia 120 na kidogo. Kwa hivyo ukichukua klipu ya mtoto mgonjwa ukaiwekea biti ya klabu, inashika. Sio kipaji cha mtoto wala cha aliyeiediti, ni hesabu tu. Hiyo ndiyo siri nzima ya hizo klipu na mnaweza kuacha kuishangaa.

Kuna tabia nyingine ya ugonjwa huu ambayo naona kila mtu mwenye simu anafaa kuijua. Mtoto akilala, kutikisa kunaisha. Akimakinika na kitu, ama akiambiwa aache, kunaweza kupungua ama kusimama kwa muda. Halafu kanaanza tena akiwa ametulia bila kazi, ama akitembea, ama akisisimka. Wazazi wengi wakiona hivyo hukata kauli haraka: "Si anaweza kuacha? Basi ni tabia." Na mtoto anachapwa. Nimeona mama akiandika chini ya video moja kwamba alikuwa anamfinya mwanawe kila akitikisa, na kwamba "sasa amezoea kuacha nikimwangalia." Watu waliweka emoji za kucheka hapo chini.

Sasa mpeleke mtoto kama huyo kliniki. Mmepanga foleni tangu asubuhi, mtoto amelala mgongoni. Mnaitwa, anaamka, anaona mtu mwenye koti jeupe na stethoskopu, anaikodolea macho. Kichwa kimetulia tuli. Daktari ana dakika tano na watu arobaini nje. "Mama, huyu mtoi yuko sawa. Mpe maji mengi." Mama anarudi nyumbani akijiona mwendawazimu, kumbe alichoona alikiona.

Hapo ndipo simu yako inakuwa ya maana. Video ya dakika moja, iliyochukuliwa nyumbani mtoto akiwa kwa hali yake ya kawaida, inaweza kumwonyesha daktari kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukikosa akae naye asubuhi nzima. Ndiyo kipimo cha kwanza, kabla ya mashine yoyote. Na sisi tunakichukua kipimo hicho, tunakiwekea filta ya mbwa.

Najua atakuja mmoja aseme: lakini kuna klipu zilisaidia, mtu alipost mtoto wake na daktari fulani kwa komenti akasema mpeleke hospitali. Ni kweli, mambo kama hayo hutokea. Hata kuna wazazi waliogundua saratani ya jicho kwa picha ya kawaida ya simu, kwa sababu mboni ya mtoto iling'aa nyeupe wakati flashi ilipopiga. Lakini hiyo inathibitisha ninachosema. Kilichosaidia ni jicho la mtu anayejua. Ungeweza kumfikia huyo mtu bila kupitia wageni laki mbili. Na hesabu komenti uone: mmoja aliyesema hospitali, mia tatu waliosema "na bado hajafika drop." Unataka maisha ya mtoto yategemee daktari kuskroli kwa bahati?

Niseme pia upande wa pili kwa sababu sitaki mtu amwamshe mtoto wa jirani saa sita usiku kwa ajili yangu. Ugonjwa huu ni nadra sana. Visa vilivyoandikwa duniani tangu 1966 ni vya kuhesabika, ni makumi na sio maelfu. Watoto wengi wanaotikisa kichwa wako sawa. Wengine wanapenda wimbo kweli, wengine hujibembeleza hivyo wakitafuta usingizi. Tofauti ni hii: mwenye kudensi huacha wimbo ukiisha. Nawaambia mwende hospitali kwa sababu kuna magonjwa kadhaa yanayojificha nyuma ya kichwa kinachotikisika, na mengine si nadra kama hili. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayejikunja ghafla mbele, mikono ikiruka, mara nyingi mfululizo hasa akiamka, huenda ana aina ya kifafa inayoharibu ubongo upesi, na huyo hasubiri Jumatatu. Mtoto ambaye kichwa kinatikisika na macho pia yanachezacheza anahitaji kuangaliwa macho na pengine ubongo. Kuna makumi ya sababu. Hakuna hata moja inayotibiwa na biti.

Na kwa sababu niko Afrika Mashariki, najua kuna mtu ameshafikiria: si huo ndio ule ugonjwa wa Uganda? La. Huo ni mwingine, na tofauti yake ni ya maana. Ule wa kuinamisha kichwa umeandikwa kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, na Mahenge kule Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960. Ule ni aina ya kifafa. Kichwa huanguka taratibu, mara 5 hadi 20 kwa dakika, mara nyingi mtoto akiona chakula ama akipigwa na baridi, na unahusishwa na minyoo ya upofu wa mtoni inayoenezwa na nzi weusi wadogo. Hushika watoto wakubwa kidogo, wengi wa miaka mitano kwenda juu. Ugonjwa wa doli unaenda 120 kwa dakika na zaidi, huanza mapema, na hauna uhusiano na mto wala nzi. Ninaitaja kwa sababu kule pia watoto waliteseka mara mbili: ugonjwa wenyewe, halafu majirani waliosema wamelogwa ama wanaambukiza, wakawatenga hata sahani.

Kulogwa. Ndiyo, tuongee. Shosho akisema ni mapepo, usimtukane. Amezaliwa wakati ambapo hapakuwa na mashine ya kuangalia ndani ya kichwa, alitumia maelezo aliyokuwa nayo. Mwambie hivi: "Shosho, tuombe, na kesho twende hospitali." Sijawahi kuona shosho akikataa hiyo ikiwekwa kwa heshima. Wanaonikera mimi ni watu wa umri wetu, wenye bando na simu ya kamera tatu, wanaoandika "demon time" chini ya video ya mtoto. Hao hawana kisingizio cha kuzaliwa zamani.

Kinachofanya nipandishe sauti ni kwamba huu, kati ya magonjwa yote ya ubongo, una sehemu nzuri. Unatibika. Picha ya MRI huonyesha kifuko ama uvimbe uko wapi. Daktari wa upasuaji wa ubongo anaweza kuingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo la fuvu, akapasua kile kifuko ndani kwa ndani ili maji yapate njia. Kama ni uvimbe, anautoa. Wakati mwingine huwekwa mrija unaotoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, ule wazazi hospitalini huita shanti. Kwa watoto wengi kutikisa hupungua ama huisha kabisa, wengine haraka, wengine baada ya muda. Lakini ukichelewa miaka, nafasi hiyo hupungua. Na neva za macho zikishakufa kwa kufinywa, upasuaji mzuri kiasi gani hauzirudishi. Mtoto anaweza kubaki na kichwa kilichotulia na giza.

Kwa hivyo mtu akiniambia "ni jokes tu, Bro, relax," mimi nahesabu miezi. Klipu ilizunguka mwezi mmoja, watu wakacheka. Ikarudi tena mwaka uliofuata na wimbo mpya. Kama mtoto yule alikuwa mgonjwa, huo ni mwaka mzima ambao maelfu waliona dalili na kila mmoja akabonyeza kashea.

Na msidhani matibabu haya ni ya ng'ambo tu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Mmarekani anayeitwa Benjamin Warf alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale, Uganda, yaani ukitoka Malaba unafika bila hata kusinzia vizuri. Watoto wengi walikuwa wanaletwa wakiwa na kichwa maji. Shanti ilikuwa inasaidia, lakini huziba, na ikiziba mtoto yuko kijijini mbali na hospitali, anaweza kufa njiani. Kwa hivyo Warf na wenzake wakaunganisha mbinu mbili: kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu, chumba kile kile tunachokizungumzia, na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Watoto wengi hawakuhitaji mrija tena. Mbinu hiyo ilivuka kutoka Mbale ikaenda kutumika Marekani. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur. Hapa Kenya pia upasuaji wa vichwa vya watoto hufanywa, Kijabe ni mojawapo ya mahali panapojulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Tuko karibu na tiba kuliko tunavyodhani. Tunachokosa ni mtu wa kusema "hii sio kawaida" mapema.

Pesa je? Sitadanganya, MRI si bei ya chapo na madondo. Ulizeni mapema, ulizeni kuhusu kadi ya SHA inalipa nini na nini hailipi, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini, watu husahau iko. Na kuna hili: ile grupu ya familia yenye watu themanini waliocheka klipu, ndiyo hiyo hiyo ya kuchanga. Namba ya M-Pesa ya mama iwekwe pale pale chini ya zile emoji.

Kidogo kuhusu sheria kwa wale wanaojiita kontenti krieta kama mimi. Najua raha ya namba kupanda, sihitaji kuelezewa. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ama mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na matumizi yenyewe yawe ya kulinda maslahi ya mtoto. Sio mchezo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu za shule. Wewe uko na video ya mtoto mgonjwa, hujui jina la mamake, na umeiwekea tangazo la betting. Endelea tu.

Ona, mtoto huyo atakua. Akitibiwa akapona, atafika darasa la saba na mtu atamtumia hiyo klipu. "Si huyu ni wewe?" Sisi ndio kizazi cha kwanza kinachowarithisha watoto aibu ambayo hawakumbuki walivyoipata.

Sasa, kama ni mtoto wa dada yako, ama wa jirani, ama wewe ndiye dada wa kazi unayeshinda naye, na umeona kichwa kinatikisika, fanya hivi. Mrekodi akiwa amekaa bure, bila TV, bila wimbo. Dakika moja inatosha. Mwili wote uonekane, halafu ingine karibu macho yaonekane. Mrekodi akitembea kuja kwako. Mrekodi ukimwita jina na kumpa kitu anachokipenda, uone kama kichwa kinatulia. Mrekodi akiwa amelala. Usiweke filta. Hesabu mitikisiko kwa sekunde kumi na uandike tarehe. Muulize mamake ilianza lini, kama anagongagonga vitu akitembea, kama husogea karibu sana na skrini, kama hutapika asubuhi ama kulalamika kichwa. Chukua utepe wa fundi wa nguo mpime mzunguko wa kichwa, andika kwa kile kijitabu cha kliniki. Halafu nenda na mama, ukae naye kwa foleni, na daktari akisema yuko sawa kabla hajaona video, sema kwa heshima: "Daktari, samahani, angalia hii kwanza." Ukiona mtoto anatapika sana, analegea, ama anasinzia isivyo kawaida, usingoje kliniki, nenda emajensi siku hiyo hiyo.

Halafu kuna lile jina.

Naelewa walivyolipata. Jina la doli limesaidia, kwa maana daktari akilisoma mara moja halisahau, na akiona mtoto wa hivyo miaka ishirini baadaye anakumbuka. Hiyo ni faida kubwa kwa ugonjwa nadra hivi. Lakini fikiria mzazi ameketi ofisini, moyo uko mkononi, anaambiwa mwanawe ana ugonjwa wa doli la dashibodi. Ni kama komenti za TikTok zimevaa koti jeupe. Madaktari wa 1966 walifanya kwa lugha yao kile tunachofanya sisi kwa biti.

Kiswahili bado hakina jina lililokubalika, na hiyo ni nafasi, hatujaharibu bado. Mimi kwa sasa nimekuwa nikisema "tikiso la chumba cha tatu," kwa sababu linaelekeza kidole kwa bomba lililoziba na kumwacha mtoto kama mtoto. Najua linasikika kama jina la filamu. Kama uko na jina bora, liandike hapo chini, hasa wale wa Pwani na ndugu zetu wa Tanzania mnaotucheka Kiswahili chetu, hii ndiyo siku yenu. Majina ya vikaragosi nitayafuta bila kuuliza.